Shauri la Mama Dorika

Agripina alipoambiwa kwamba Jumamosi anatakiwa kwenye shughuli ya polisi, alidhani kuna askari amefariki.

"Nani amekufa?" akamuuliza mumewe.

"Hakuna," Alphonce akajibu. "Ni siku ya familia. Wake mnatakiwa."

Kisha akaendelea kula. Agripina akasubiri kama kuna lingine. Halikuwepo.

Kwa kweli hata hayo yalikuwa mengi. Mume wake, Stafu Sajenti Alphonce Mughwai, alikuwa mtu wa kusema kidogo kiasi kwamba watoto walipokuwa wadogo walizoea kumuuliza mama yao, "Baba amesema nini?" hata pale alipokuwa amekaa nao kwenye mkeka mmoja. Hakuwa mkali. Hakunywa, hakupiga, hakulala nje ila akiwa zamu. Alirudi kutoka kazini, akavua buti mlangoni, akaoga, akala, akasikiliza taarifa ya habari, akalala. Ukimwambia mvua imenyesha Ihanja, aliitikia "Mm." Ukimwambia mbuzi ameibwa, ilikuwa "Mm" ile ile.

Agripina hakuwa na malalamiko. Miaka mingi aliishi Ihanja, kwenye mji wa wakwe zake, akilima alizeti na uwele wakati mumewe akihamishwa kutoka kituo kimoja hadi kingine. Alphonce aliporudishwa Singida mjini ndipo wakajenga Utemini, wakaanza kuishi pamoja kama watu wengine. Watoto walikuwa wameshakua. Dorika, wa kwanza, alikuwa Dodoma na mume wake. Kwa hiyo nyumbani walibaki wawili tu, na kuku, na ule ukimya, ambao Agripina aliuzoea kama mtu anavyozoea upepo wa Singida. Aliamini ndivyo Mungu alivyomuumba Alphonce, na kituoni mumewe alikokuwa akishinda, yeye hakuwahi kufika hata siku moja.

Jumamosi alivaa kitenge chake kipya, wakapanda bajaji mpaka viwanja vya polisi. Maturubai yalikuwa yamefungwa, bendi ikipiga, watoto wa askari wakikimbizana katikati ya viti. Alphonce alimwonyesha pa kukaa, akaenda kujipanga na wenzake.

Pembeni ya Agripina alikaa askari wa kike, kijana, mwenye mashavu ya kucheka.

"Shikamoo mama. Mimi naitwa Koplo Witness. Nipo na mzee kaunta, tunapokea wananchi wote. Wewe ndiye mama Dorika?"

"Marahaba mwanangu. Ndiye mimi."

"Jamani! Leo nimekuona!" Witness akamshika mkono kwa mikono miwili, akamtazama kama mtu aliyeambiwa habari zake kwa muda mrefu. Agripina akatabasamu bila kujua anatabasamia nini.

Hotuba zikapita, gwaride likapita. Ukafika wakati wa kuwatunuku askari na watumishi waliofanya vizuri. Alipewa cheti dereva aliyewahisha mama mjamzito hospitali barabara ikiwa imekatwa na maji. Akapewa mama wa jikoni. Akapewa mpelelezi mmoja mrefu aliyeshindwa kujua aweke wapi mikono yake. Kisha mshereheshaji akashusha karatasi, akacheka kabla hajasema kitu.

"Sasa huyu," akasema, "nikimtaja jina lake halisi nusu yenu hamtamjua. Redio! Redio ya Singida iko wapi?"

Uwanja mzima ukalipuka. Askari wakapiga miguu chini. "Redio! Redio! Redio!" Watoto nao wakaitikia. Agripina akapiga makofi pamoja na wengine, akinyoosha shingo amwone huyo Redio ni nani.

Akainuka Alphonce.

Agripina akaacha kupiga makofi. Akageuka nyuma, akidhani kuna mtu mwingine aliyeitwa, na mumewe ameinuka kumpisha. Hakukuwa na mtu. Alphonce alikuwa anakwenda mbele kwa mwendo ambao hakuwahi kumwona nao, akirusha mabega, akimpungia mkono huyu, akimnyooshea kidole yule, na kila aliyenyooshewa kidole alikuwa akicheka.

Mshereheshaji akasoma wasifu. Alisema Stafu Sajenti Mughwai ameingiza amani katika nyumba nyingi za manispaa hii na vijiji vyake. Watu wanaingia kituoni wakiwa wameshikana mashati, wanatoka wameshikana mikono. Akasema mdomo wa huyu mzee umefanya kazi kuliko pingu. Kamanda akampa cheti, na vijana wakaleta jiko la gesi kwenye boksi. Kisha wakaanza kudai, "Aongee! Aongee!"

Alphonce akapewa kipaza sauti.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," akaanza, na sauti ilikuwa nene, yenye kupanda na kushuka, "mimi sina la kusema."

Watu wakacheka. Kumbe hayo tu yalitosha.

"Siku hizi naogopa kusema, maana kule nyumbani nina mkubwa wangu wa kazi. Juzi kicheche aliingia banda la kuku. Mimi nimevaa sare, nimesimama mlangoni, natafakari sheria inasemaje kuhusu kicheche. Mama Dorika huyo! Mfuniko wa sufuria mkono huu, mwiko mkono huu. Anamwambia kicheche: 'Mwizi wewe, huna aibu! Kuku huyo hata mimi mwenyewe sijala!' Kicheche akaniangalia mimi, akamwangalia mama, akaona heri ajisalimishe polisi. Akapita katikati ya miguu yangu!"

Mgeni rasmi alivua miwani akafuta macho. Witness alikuwa ameinama, anapiga paja. Wanawake wa viti vya mbele wakageuka kumtafuta mama Dorika ni yupi, na Witness akamwonyesha kwa kidole.

Agripina alihisi uso unawaka. Habari ya kicheche ilikuwa ya kweli. Ila siku ile Alphonce alisimama mlangoni bila kusema neno, na mnyama alipokimbia aliingia ndani akafungua redio. Agripina aliamini moyoni kwamba mumewe hakuona kitu. Kumbe aliona mfuniko, akaona mwiko, na maneno aliyashika yote. Sasa hakujua acheke, aone aibu, au alie. Akacheka kwa sababu watu walikuwa wanamtazama.

"Mama, mna raha nyie," Witness akamwambia, akihema. "Nyumbani si mnacheka mpaka mbavu zinauma?"

"Tunacheka," Agripina akajibu.

Wakati wa kula pilau, wakamjia mume na mke, wakulima wa kule Unyambwa. Mwanaume alijitambulisha kwa jina la Calist, na mkewe Anastazia. Walikuwa miongoni mwa wananchi walioalikwa.

"Shikamoo mama," Anastazia akasema, akipiga goti kidogo. "Tumekuja kukushukuru na wewe. Sisi tulikuwa tumeshaachana. Huyu alikuwa anakaa kwa kaka yake."

"Mzee alituweka kwenye benchi mchana kutwa," Calist akaongeza. "Akatuambia tatizo letu ni moja, hatuongei. Akasema kila jioni, kabla ya kulala, kila mmoja amwambie mwenzake jambo moja la siku hiyo. Hata liwe la kijinga. Hata liwe la kuku."

"Tulimwambia haiwezekani," mkewe akasema. "Akatuambia, 'Inawezekana. Mimi na mama Dorika ndivyo tunavyoishi.'"

Agripina alikuwa na kijiko mkononi. Akakiweka kwenye sahani.

"Alisema hivyo?"

"Kabisa mama. Basi na sisi tukajaribu. Mungu awabariki."

"Amina," Agripina akasema, kwa sababu hilo ndilo linalosemwa mtu akikubariki.

Walirudi kwa bajaji, boksi la jiko la gesi likiwa katikati yao kama mtoto. Agripina alimtazama mumewe kwa jicho la pembeni. Walipopita sokoni bado alikuwa na uso wa kule uwanjani. Walipokata kona ya kuingia mtaani kwao uso ukaanza kulegea. Walipofika getini ulikuwa umefungika. Akashusha boksi, akaingia, akavua buti mlangoni, akaweka cheti juu ya kabati, akaenda kuoga.

Agripina akakaa kwenye kiti na kitenge chake kipya. Mawazo yalimjia yakigongana. Labda huko nje kuna mwanamke anayemchekesha, na nyumbani anafika amechoka kucheka. Lakini mtu mwenye mwanamke mwingine hasimulii uwanja mzima habari za mke wake na mwiko. Labda basi ni yeye mwenyewe Agripina, ana jambo linalomfunga mwenzake mdomo. Akajaribu kukumbuka kama kuna siku alimkatiza, akamkemea, akamcheka vibaya. Hakuikumbuka. Angekuwa amegundua kwamba mumewe ni mwizi, angejua la kufanya: angelia, angemwita mchungaji. Lakini mtu anashtaki vipi kwamba mumewe ni mcheshi?

Alphonce alipotoka kuoga, akamuuliza.

"Baba Dorika, yule aliyekuwa anaongea pale ni nani?"

"Yupi?"

"Yule wanayemwita Redio."

Alphonce akaangalia chini.

"Ni utani wa kazini," akasema.

"Na wale wa Unyambwa uliwaambia mimi na wewe tunaongea kila jioni. Tunaongea nini?"

Alikunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena. "Nikifika hapo getini yanaisha," akasema. "Hata mimi sijui."

Halafu akafungua taarifa ya habari.

Jumapili walikwenda kanisani, wakakaa benchi moja, wakarudi. Jumatatu asubuhi Alphonce akaenda kazini kama kawaida. Agripina akawapa kuku chakula, akafagia, akaosha vyombo, akajikuta anaosha sahani ile ile mara ya pili. Akajifuta mikono, akavaa kitenge kile kile cha Jumamosi, akaita bodaboda.

"Wapi mama?"

"Polisi."

"Kuna usalama?"

"Sijui," akasema.

Kituoni kulikuwa na benchi refu mbele ya kaunta. Agripina akakaa mwishoni, nyuma ya mzee mnene aliyempa kivuli cha kujificha. Alphonce hakumwona. Alikuwa anamsikiliza kijana mmoja aliyekuja amevimba kwa hasira, baiskeli yake imeibwa.

"Ina rangi gani?"

"Nyekundu."

"Na tabia?"

"Tabia ya nani, afande?"

"Ya baiskeli. Ni ile inayotulia ukiiegesha, au ni ile ya kutangatanga, labda imeondoka yenyewe?"

Benchi zima likacheka. Kijana akajitahidi abaki na hasira yake, akashindwa, akacheka naye. Kisha Alphonce akaandika maelezo yake kwa makini, akamuuliza mambo ya maana, akamwelekeza kwa mpelelezi. Agripina aliona jinsi yule kijana alivyoondoka mabega yameshuka. Akajikuta na yeye anacheka, peke yake, kiganja kikiwa mdomoni. Ilichekesha kweli. Hilo ndilo lililomchanganya zaidi: alikuwa anampenda yule askari.

"Anayefuata!"

Agripina akasimama, akamtangulia mzee mnene. Alphonce akainua kichwa, na kalamu ikamponyoka.

"Mama Dorika. Kuna nini? Dorika mzima?"

"Mzima. Nimeleta shauri."

Witness, aliyekuwa nyuma akipanga mafaili, akacheka kwa nguvu. "Mzee, leo umepatikana! Mpokee mwananchi."

Watu wa benchi wakageuka. Alphonce akamtazama mkewe, akamtazama Witness, akaokota kalamu. Taratibu ule uso wa uwanjani ukamrudia. Akanyoosha kola.

"Karibu mama. Jina lako kamili?"

"Agripina Naftali."

"Mkazi wa wapi?"

"Utemini."

"Unamlalamikia nani?"

"Mume wangu."

Mzee mnene akaguna kwa furaha. Alphonce akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kuigiza. "Wanaume hawa! Haya, anakunywa?"

"Hapana."

"Anakupiga?"

"Hajawahi."

"Haleti chakula nyumbani?"

"Analeta."

"Sasa mama, mwanaume kama huyo si tumpe cheti?"

Watu wakacheka. Agripina akasubiri waishe. Akashika ukingo wa kaunta.

"Kuna mtu yuko hapa kituoni," akasema, "anafanana na mume wangu sura na jina. Anaongea vizuri. Watu wanakuja wanalia, wanaondoka wanacheka. Mimi nyumbani nina yule mwingine. Nilikuwa nauliza kama na mimi naweza kumpata huyu, hata siku moja moja."

Hakuna aliyecheka. Witness aligeukia mafaili yake, akaanza kupanga yaliyokwisha kupangwa. Alphonce alikuwa bado ameshika kalamu hewani, na ule uso wa uwanjani ulibaki usoni pake kama kofia iliyosahauliwa kichwani. Kwa mazoea ya miaka mingi, mdomo wake ukauliza swali ambalo humuuliza kila anayefika hapo.

"Unataka kituo kikusaidie nini, mama?"

Agripina akafikiri. Alikuwa amekuja bila kufikiria hilo.

"Hata sijui," akasema.

"Hata mimi sijui," Alphonce akasema, kwa sauti ya chini.

Agripina hakuweza kujua ni nani kati ya wale wawili, Redio au yule wa nyumbani, aliyesema hivyo. Akawaaga watu wa benchi, akamwambia Witness kwaheri mwanangu, akatoka. Nje jua lilimpiga usoni. Njia nzima ya kurudi alijiuliza kama amemwaibisha mume wake au amejiaibisha mwenyewe, na kila akijibu hivi, jibu lingine lilionekana la kweli zaidi.

Jioni alikuwa uani anapembua mtama kwenye ungo. Alisikia geti, akasubiri sauti ya buti zikivuliwa. Haikuja. Alphonce alitokea uani akiwa na sare kamili, kofia kwapani.

"Leo," akasema, akakohoa. "Leo kulikuwa na kijana. Ameibiwa baiskeli. Nikamuuliza rangi. Akasema nyekundu. Halafu nikamuuliza... nikamwambia kama baiskeli... kwamba ina tabia."

Akahamishia kofia kwapa la pili. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso. Asubuhi ilikuwa imechekesha, sasa haikuchekesha hata kidogo.

"Nilikuwepo," Agripina akasema.

"Ndiyo. Ulikuwepo."

Wakatazamana. Agripina aliona huruma, na ndani ya huruma kulikuwa na hasira kidogo, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kama kutaka kucheka. Akasogeza kigoda kingine kwa mguu. Alphonce akakaa.

"Wamekusema kituoni?" Agripina akamuuliza.

"Hapana. Hakuna aliyesema kitu. Witness hajacheka mchana kutwa." Akazungusha kofia mikononi. "Unamkumbuka mzee?"

"Mzee Isaka? Nimeishi naye mji mmoja, nitamsahau?"

Mzee Isaka alikuwa baba yake Alphonce. Agripina alimpikia kwa miaka mingi kule Ihanja, na alichokumbuka zaidi ni mgongo wake, amekaa kimya amewapa kisogo.

"Sisi tukiwa wadogo," Alphonce akasema, "tukicheza, mama akisikia baba anakuja alikuwa anapiga makofi mara moja. Tunanyamaza wote. Hata mtoto wa mgongoni. Baba anaingia, nyumba iko kimya. Mimi nikajua ndiyo heshima. Nyumba yenye baba ni hivyo." Alisema kwa kukatakata, akichanganya na Kinyaturu, na mahali pengine alirudia neno moja kana kwamba lile linalofuata limekataa kutoka. "Siku moja nilitumwa chumvi mnadani. Nikamkuta baba. Amekaa na wanaume wenzake. Anacheka. Amefungua mdomo wote, meno yote nje."

"Mzee Isaka?"

"Mzee Isaka. Nilidhani ni mtu mwingine amevaa koti la baba. Nikakimbia. Nikamwambia mama, baba anacheka mnadani. Mama akaniambia nisiseme tena maneno hayo."

Ungo ulikuwa umetulia mapajani mwa Agripina. Katika miaka yote ile ya kumpikia, hakuwahi kufikiri kwamba mzee yule alikuwa na kicheko. Hakujua kama habari hii inamjibu swali lake au inamwongezea jingine. Hakujua kama mtu akishajua ugonjwa ulikotoka ndiyo amepona. Lakini Alphonce alikuwa bado amekaa, na taarifa ya habari ilikuwa imeshaanza kwa jirani, na yeye hakuinuka.

"Alikuwa anacheka vipi?" Agripina akamuuliza.

"Nani?"

"Mzee. Pale mnadani."

Alphonce akafikiri. Akakunja uso akijaribu kukumbuka, akafungua mdomo, akatoa sauti ya ajabu, nusu kikohozi, nusu mlio wa punda aliyeamshwa. Kuku wakainua vichwa. Agripina akamtazama, hajui kama huo ndio utani wenyewe au ni kumbukumbu ya kweli ya marehemu, na kama ni kumbukumbu, je, inaruhusiwa kucheka?

"Hapana," Alphonce akasema. "Sivyo. Ilikuwa inaanzia chini zaidi."

Akavuta pumzi, akajaribu tena.